Ameangusha, Si Ataangusha

Fungua Injili ya Luka, sura ya kwanza, utafute wimbo alioimba Bikira Maria nyumbani kwa Elisabeti. Usishike maneno mazito kwanza, shika vitenzi. Wenye kiburi wametawanywa, wakubwa wameangushwa, wanyonge wameinuliwa, wenye njaa wameshiba. Luka aliviandika kwa Kigiriki katika hali ya jambo lililokwisha kutendeka, na watafsiri wetu, kwa sikio zuri la lugha, wakaviwekea -me-. Katika mistari hiyo ya ushindi hakuna -ta- hata moja.

Sasa itazame siku yenyewe. Anayeimba ni binti wa kijijini mwenye mimba changa. Herode yuko kwenye kiti chake Yerusalemu na hakuna aliyemgusa. Kaisari yuko Roma na kodi yake inakusanywa kama kawaida. Wenye njaa wa Galilaya watalala na njaa usiku huo huo. Ni nani basi aliyeangushwa? Mswahili ukimwambia "mgeni amefika", hakuulizi atakuja lini. Anajua mgeni yupo barazani na anakwenda kuteleka chai. -Me- ni ya jambo lililokwisha ambalo matokeo yake yapo hapa hapa. Maria anaitumia kwa jambo ambalo jicho halijaliona, na imani yote ya Majilio imelala ndani ya silabi hiyo moja.

Kwa wengi wetu Majilio ni zile Dominika nne za kungojea Krismasi, kuanzia ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba: kwaya inafanya mazoezi, watoto wanapimiwa nguo. Lakini sikiliza Injili ya Dominika ya kwanza. Haisemi neno kuhusu Bethlehemu. Inasema juu ya mwisho wa nyakati, juu ya kukesha, juu ya Mwana wa Adamu ajaye katika utukufu. Kanisa linaanza mwaka wake kwa kutazama mwisho. Neno la Kilatini, adventus, lilitumika pia kwa mfalme mkuu anapoingia mjini kwa shangwe, na watu hutoka nje ya malango kumlaki. Hawakutoka kwenda kuona kama atapata utawala. Walimlaki mtu ambaye tayari ni mtawala.

Hapo ndipo swali linapokuja, na katika madarasa ya imani sijaona mwaka lisiulizwe: kama Kristo ameshinda, mbona mwovu anatamba? Ni swali la haki, na Biblia yenyewe hailikwepi. Waraka kwa Waebrania, sura ya pili, unakiri waziwazi kwamba bado hatujaona vitu vyote vikiwa chini yake.

Jibu lililonisaidia kuliko mengine ni la Oscar Cullmann, mwanateolojia Mlutheri mzaliwa wa Strasbourg, katika kitabu alichotoa mwaka 1946, vita vikuu vikiwa vimetoka kuisha. Alisema: katika vita, pigano linaloamua mshindi linaweza kuja mapema, na vita vikaendelea bado. Wasomaji wake walielewa mara moja. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Washirika yalitua pwani ya Normandy, na tangu hapo njia ya Hitler ilikuwa ya kuteremka tu. Lakini Siku ya Ushindi ilifika tarehe 8 Mei 1945. Kwa Mkristo, alisema Cullmann, pigano lenyewe lilipiganwa msalabani na kaburini. Siku ya Ushindi ni kurudi kwake Kristo. Sisi tunaishi katikati.

Mfano huo ni mzuri, ila ukibaki darasani unakuwa mwepesi mno, kwa sababu miezi ile 11 ilijaa maiti. Padre Alfred Delp, Mjesuiti wa Kijerumani, alikamatwa München tarehe 28 Julai 1944, wiki saba na ushee baada ya Normandy. Alikuwa miongoni mwa Kundi la Kreisau, watu waliokaa pamoja kupanga Ujerumani ijengwe vipi utawala ule ukishaondoka. Akafungwa gereza la Tegel, Berlin. Desemba ilipoingia, akaandika tafakari za Majilio, Dominika baada ya Dominika, akiwa na pingu mikononi. Vikaratasi vyake vilitoka gerezani kwa siri, vimefichwa ndani ya nguo chafu ambazo wanawake wawili jasiri walizichukua kwenda kufua. Tarehe 8 Desemba, humo humo gerezani, aliweka nadhiri zake za daima. Alinyongwa tarehe 2 Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 37. Majivu yake yakatawanywa ili asiwe na kaburi.

Mtu huyo hakuandika kwamba mambo si mabaya. Aliandika kwamba Majilio ni wakati wa mtu kutikiswa mpaka aamke, na kwamba ndani ya giza lile lile mwanga umekwisha kuwashwa. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyekuwa Tegel kabla yake, alimwandikia rafiki yake Novemba 1943 kwamba selo ya gereza inafanana na Majilio: mlango unafunguliwa kutoka nje tu. Naye aliuawa, tarehe 9 Aprili 1945, wiki mbili kabla askari wa Marekani hawajafika Flossenbürg alikonyongewa.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia mahubiri yanayomweka Mungu na Shetani kama mabondia wawili ulingoni, raundi hii huyu, raundi ile yule. Hiyo ni imani ya Mani, mwalimu wa kale wa nguvu mbili zinazoshindana, imani ambayo Mtakatifu Agostino aliifuata miaka karibu tisa kabla ya kuikimbia. Alichokuja kufundisha ni kwamba uovu hauna asili yake wenyewe. Ni wema uliopungukiwa. Kutu haina pa kukaa bila chuma, wala tobo bila nguo. Kitu kinachoishi kwa kula cha mwenzake hakiwezi kuwa mpinzani wa sawa. Kinaweza kuumiza, tena sana. Ufunuo, sura ya 12, unamwonyesha joka akiwa na ghadhabu kubwa baada ya kutupwa chini, kwa kuwa anajua muda wake ni mfupi.

Mishumaa ya shada la Majilio tuliipokea kutoka kaskazini. Mchungaji Johann Wichern aliiwashia watoto wa makao yake Hamburg mwaka 1839, mahali ambapo Desemba jua huzama alasiri. Naipenda, lakini sisi wa kusini mwa ikweta, Dodoma au Songea, Desemba ndiyo yenye siku ndefu kuliko zote. Picha yetu iko katika antifona ya Dominika ya nne, iliyotoka kwa nabii Isaya: mbingu zidondoshe haki kama mvua, ardhi ifunguke ichipushe wokovu. Msimu huo mkulima wa Songea ana mbegu ardhini. Amepanda, naye anatazama mawingu.

Tarehe 22 Desemba wimbo wa Maria husomwa kama Injili ya siku. Siku sita baadaye, pango la Noeli likiwa bado limepambwa, padre huvaa nyekundu: ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode Bethlehemu. Kanisa lingeweza kuwakumbuka Februari au Agosti. Limewaweka hapo, siku tatu tu baada ya Krismasi. Na jioni hiyo, katika Masifu ya Jioni, watu husimama na kuuimba tena wimbo ule ule, na wakifika kwa wakubwa na viti vyao, wanaimba kwa -me-.