Barua za Vyuo Vikuu vya Marekani: Si Kila Bahasha ni ya Kuitwa

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mtihani wa mwisho wa sekondari na barua ya kuitwa chuoni ni mambo mawili yaliyofungamana. Mtoto hufanya mtihani, matokeo hutangazwa, na barua ifikapo nyumbani hapana anayeuliza maana yake. Imeandikwa jina la mtoto, jina la chuo, siku ya kuripoti na vitu vya kuchukua. Majirani hupata habari siku ile ile, na pengine mbuzi huchinjwa.

Basi hatuwezi kumlaumu mzazi aliyetoka Kongo au Burundi, ambaye sasa amepata makazi katika mji fulani wa Marekani, iwapo atadhani kwamba huko nako mambo huenda vivyo hivyo. Mwanawe hufanya mtihani uitwao PSAT mwezi wa Oktoba. Kabla mwaka haujaisha sanduku la posta limekwisha jaa bahasha za rangi, vijitabu vyenye picha za majumba ya matofali mekundu, na barua zianzazo kwa jina la mtoto mwenyewe, zikimwambia ya kwamba ametambuliwa na ya kwamba chuo kingependa sana kumfahamu. Mzazi huona mlango umefunguka. Kwa hakika mlango haujaguswa bado, ila mtu ameambiwa tu mahali ulipo.

Ili tuelewe jambo hili, yafaa kwanza tutazame asili yake. Mtihani wa SAT ulifanywa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1926, na vijana wapatao 8,000 waliufanya. Wenye mtihani huo ni chama cha College Board, kilichoundwa mwaka 1900. Mtihani mshindani wake, ACT, ulizaliwa katika jimbo la Iowa mwaka 1959. PSAT ni mtihani wa kujipima kabla ya SAT wenyewe, na vile vile ni mlango wa kushindania nishani na fedha za National Merit. Hakuna hata mmoja katika mitihani hii unaompa mtu nafasi ya chuo. Marekani haina baraza la taifa la kugawa wanafunzi vyuoni kama tulilozoea sisi. Kila chuo hupokea maombi yake na huamua chenyewe, na vingi hutoza ada ya maombi.

Sasa, chuo kitawapataje waombaji? Hapa ndipo ilipo siri ya bahasha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 College Board imekuwa na idara inayovipa vyuo majina na anwani za wanafunzi waliofanya mitihani yake, kwa malipo. Mwanafunzi alipokuwa akijaza fomu aliulizwa pia maswali mengi yasiyohusu hesabu wala lugha: alama zake za darasani, masomo anayotaka kusomea, dini yake, asili yake. Akikubali habari zake zitolewe, huingia katika orodha. Chuo hakinunui orodha nzima, bali huagiza kama mwenye duka aagizavyo khanga kwa jora: wanafunzi wa jimbo hili, wenye alama kati ya kiasi hiki na kiasi kile, wanaotaka kusomea uhandisi. Mwaka 2019 bei ya jina moja ilikuwa senti 47 za dola.

Senti 47! Tunaona ni vyema mzazi alishike neno hilo kichwani kila aifunguapo bahasha. Barua ile haikuandikwa na mwalimu aliyekaa akasoma habari za mtoto wake. Imechapishwa na mtambo, kwa maelfu, na jina limetiwa katika nafasi iliyoachwa wazi. Chuo kilichoituma hakijui alama kamili za mtoto, bali kwamba zimeangukia ndani ya kipimo kilichoagizwa.

Twende mbele kidogo. Yako mambo mawili yanayovisukuma vyuo kutuma barua nyingi namna hii, na hayafanani. Vyuo vingi vidogo, hasa vya binafsi, vina njaa ya wanafunzi. Watoto waliozaliwa Marekani mwaka 2007 walizidi milioni 4.3, na tangu hapo idadi imeshuka hata mwaka 2023 hawakufika milioni 3.6. Viti vitupu darasani ni mishahara isiyolipwa, na chuo cha namna hiyo kinapoandika kwamba kingependa kumpata mwanafunzi, mara nyingi kinasema kweli. Huenda hata kikamsamehe ada ya maombi, nayo si haba, kwani vyuo vingi hutoza dola 50 na kuendelea.

Lakini vyuo mashuhuri je, ambavyo havina njaa? Hapa jambo ni gumu zaidi, na lawahusu watu weusi moja kwa moja. Mwezi wa Oktoba 2018, katika kesi iliyosikilizwa mjini Boston juu ya Chuo Kikuu cha Harvard, mahakama ilielezwa namna barua hizo zinavyotumwa. Mwanafunzi mweusi aliweza kuandikiwa akiwa na alama 1100 za PSAT, na mvulana mwenye asili ya Asia hakuandikiwa mpaka afike 1380. Mkuu wa idara ya kupokea wanafunzi, William Fitzsimmons, alieleza kwamba nia ni kuwafikia vijana ambao vinginevyo wasingefikiria kabisa kuomba Harvard. Nia hiyo ni njema, nasi hatuidharau. Hata hivyo, mwaka huo watu 42,749 waliomba na 1,962 tu ndio waliokubaliwa. Wanauchumi watatu, Peter Arcidiacono, Josh Kinsler na Tyler Ransom, walichunguza takwimu wakaona kwamba vijana weusi wengi walitiwa moyo kuomba ilhali nafasi yao ilikuwa karibu na sifuri. Ni haki kusema kwamba Arcidiacono alikuwa shahidi wa upande wa walalamikaji. Pamoja na hayo hesabu zenyewe zatosha kumfanya mzazi asitundike barua ile ukutani.

Ipo pia jamii nyingine ya barua, isiyotoka chuoni hata kidogo. Hizi humwambia kijana kwamba ameteuliwa kwenda kambi ya uongozi, au kwamba jina lake litatiwa katika kitabu cha watu wa heshima, kisha ukurasa wa pili zikataja dola. Zitupwe jikoni.

Je, basi barua zote ni za kuwashia moto? La. Kijitabu cha chuo chaweza kumjulisha mtoto kwamba kuna mahali panapofundishwa kilimo cha umwagiliaji au uuguzi ambapo hakupata kupasikia. Msamaha wa ada ya maombi ni fedha halisi. Na tangu Oktoba 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali ya Marekani kuweka katika intaneti kikokotoo kinachomwonyesha mzazi makisio ya gharama kwa kadiri ya kipato chake. Ukiletewa bahasha nzuri, tafuta kikokotoo cha chuo hicho kabla hujasoma sifa za bwawa lao la kuogelea.

Tena ipo barua moja inayotufurahisha sisi tuliolelewa na utaratibu wa kwetu. Mwaka 2015 jimbo la Idaho lilianza kuwaandikia wanafunzi wanaomaliza sekondari, bila wao kuomba, na kuwaambia ni vyuo gani vya umma vya jimbo vilivyokwisha kuwakubali. Minnesota ilifuata, na vyuo kadhaa vikaiga. Hiyo ni ya kuitwa kweli, ingawa mwanafunzi bado atajaza fomu, na fedha ni shauri jingine.

Biashara ya majina nayo imebanwa. Mwezi wa Februari 2024 College Board ilikubali kulipa dola 750,000 baada ya serikali ya jimbo la New York kuichunguza juu ya matumizi ya habari za wanafunzi waliofanya mitihani shuleni wakati wa masomo. Mwaka 2019 peke yake wanafunzi zaidi ya 237,000 wa jimbo hilo walihusika. Kwa mitihani inayofanyiwa shuleni sasa upo utaratibu mwingine wa programu ya simu, ambamo chuo hutuma ujumbe bila kujua jina la mwanafunzi, na mwanafunzi mwenyewe huamua kama atajitambulisha.

Barua iliyo na uzito huja baadaye, mara nyingi mwezi wa Machi, baada ya mtoto kuomba. Haisemi “tunakualika kuomba”. Husema umekubaliwa, hutaja mwaka wa kuanza, na hufuatwa na karatasi ya misaada ya fedha. Kwa desturi jibu lake hutakiwa ifikapo tarehe 1 Mei.