Maji ya Umakonde Yamo Mchangani

Wiki hii tuzungumze habari ya maji ya Umakonde, kuanzia Newala hadi Ndanda. Watu wa mjini wakisikia kwamba Newala kuna shida ya maji hudhani kule mvua hainyeshi. Mvua inanyesha. Kwa kawaida huanza Novemba au Desemba ikaendelea hadi Aprili au Mei, na katika mwaka wa wastani hufikia kiasi cha milimita 1,000. Hizo si haba. Dodoma hupata kama nusu yake tu. Kazi ni kuyapata maji hayo mwezi wa Septemba.

Nchi za baridi ghala lao la maji liko milimani. Theluji huanguka, ikalala huko miezi kadhaa, kisha ikayeyuka kidogo kidogo, mito ikapata maji hali mvua imekwisha kukatika. Magharibi ya Marekani wataalamu hupanda kupima kina cha theluji na uzito wake, ili wakulima wa mabondeni wajue mapema mwaka utakuwaje. Sisi tunayo Kilimanjaro, lakini barafu yake ilipungua kutoka kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 3 mwaka 2000, na hata hivyo maji mengi ya mlima ule hutokana na mvua na misitu.

Ghala la Umakonde ni mchanga. Uwanda ule umejengwa kwa mchanga na mawe laini yanayopitisha maji. Mvua ikinyesha, maji huzama, ndiyo maana utasafiri kutoka Newala hadi Tandahimba bila kuvuka mto wa maana. Maji hushuka chini kwa chini hadi yakutane na tabaka lisiloyapitisha, kisha hutafuta njia ya ubavuni na kutokeza chini ya miteremko kama chemchemi. Ndanda imekaa hapo hasa, kwenye ukingo unaotazama bonde la Lukuledi, na misheni ya Wabenediktini iliyofunguliwa pale mwaka 1906 ilipata maji hayo. Mimi nilipita Ndanda Oktoba moja, kiangazi kimepamba moto, nikakuta maji yanatiririka. Huko juu, mvua ilikonyesha, watu walikuwa wananunua maji kwa ndoo.

Mwaka huohuo wa 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala, akastaajabu kwa nini watu wajenge mbali na maji. Alisimuliwa kwamba babu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikageuka mwanamke. Watoto wao waliozaliwa karibu na mto hawakuishi, hadi walipohamia juu. Naona hadithi hiyo ina akili, maana bondeni ndiko kwenye mbu. Lakini gharama ya kukaa juu wameilipa wanawake, kwa utosi na shingo, kushuka mteremko alfajiri na kuupanda tena na mzigo kichwani.

Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Makonde, la kuvuta maji ya bondeni kwa mashine. Tatizo lake halijabadilika: maji lazima yasukumwe mamia ya mita kwenda juu. Nishati ikikosekana, mabomba hukauka hata kama visima vya Mitema vimejaa. Wafini nao, kuanzia miaka ya 1970, walisaidia kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono mikoa ya Mtwara na Lindi. Vilifaa mabondeni, juu ya uwanda kisima kifupi hakifiki kwenye maji.

Sasa tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 40, kwa milimita 1,000, hupokea lita 40,000. Tuseme moja ya tano inapotea. Zinabaki 32,000, yaani madebe 1,600. Familia inayotumia madebe manne kwa siku, kwa siku 200 za kiangazi, inahitaji madebe 800. Nusu ya mvua ya paa lake mwenyewe! Wengi wamekwisha kuezeka bati kwa fedha za korosho, lakini nyumba nyingi hazina mfereji hata mmoja.

Nakiri kwamba tangi la lita 16,000 si mchezo. Saruji ni ghali, na fedha za korosho huingia wakati mvua imekaribia au imekwisha kuanza, shimo halichimbiki vizuri. Kwa hiyo anayekusudia aweke fedha ya msimu huu kwa shimo la Julai ijayo, na vyama vya msingi vingeweza kukopesha saruji wakati huo kwa dhamana ya korosho zilizo mtini. Aidha, mvua ya kwanza isiingizwe tangini. Iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo mfereji uelekezwe.