Vieux Farka Touré, mtoto aliyepiga gitaa bila ruhusa ya baba

Ali Farka Touré, mpiga gitaa mkubwa wa Mali, hakutaka mtoto wake awe mwanamuziki. Alitaka awe mwanajeshi.

Wengi husema Vieux alirithi muziki wa ukoo. Si hivyo kabisa. Kwa mila ya huko, kuimba ni kazi ya koo za magrioti. Akina Touré wa Niafunké, mji mdogo kando ya Mto Niger, ni watu wa cheo. Kwao gitaa lilikuwa aibu. Ali alilishika hata hivyo. Jina lake “Farka” maana yake punda. Mama yake alizaa watoto wa kiume kumi, na yeye peke yake ndiye aliyepita utoto, kwa hiyo wakamuita jina la mnyama mgumu.

Alishinda tuzo za Grammy, akawa meya wa Niafunké mwaka wa 2004. Lakini wafanyabiashara wa muziki walikuwa wamemdanganya mara nyingi. Hakutaka mtoto apite njia hiyo.

Mtoto mwenyewe, Boureima, alizaliwa mwaka wa 1981. Wanamuita Vieux, yaani mzee, tangu akiwa kijana! Aliingia Institut National des Arts ya Bamako kama mpiga ngoma. Gitaa alijifunza kwa siri. Toumani Diabaté, fundi wa kora na rafiki wa baba, ndiye aliyemuombea ruhusa. Ali, akiwa tayari na saratani ya mifupa, alikubali, tena akapiga gitaa katika albamu ya kwanza ya mwanawe. Alifariki Machi 2006, kabla haijatoka. Sehemu ya mapato yake ilienda kupambana na malaria Niafunké.

Mwaka wa 2012 wanajihadi walishika kaskazini mwa Mali, wakapiga marufuku muziki. Redio za miji zilinyamaza. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua mji ulioshikwa na watu wa silaha unavyokuwa. Vieux alijibu mwaka wa 2013 kwa albamu “Mon Pays”, ya gitaa lisilo na umeme.

Kwa kawaida yeye hupiga kwa haraka na kwa nguvu kuliko baba, na roki ndani yake. Mwaka wa 2022 alirudi nyuma mara mbili: “Les Racines”, nyimbo za mtindo wa Wasonghai, na “Ali”, nyimbo za baba alizopiga pamoja na Khruangbin, kikundi cha Texas. Anayeanza kumsikiliza aanzie “Les Racines”.