Je, Wajua Mtoto wa Paka Hulilia Nini Usiku?

Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Humtafuta mama kwa pua na kwa joto, na baada ya siku chache huwa ameshajichagulia chuchu anayoirudia kila anaponyonya. Kwa kuwa mwili wake hauwezi kujitunzia joto, yeye na nduguze hulala wamelundikana. Akitambaa mbali na kiota hulia, na mama huja kumbeba.

Basi kilio hicho hicho ndicho anacholia akishafikishwa kwenu kwenye boksi na kuachwa jikoni peke yake, taa imezimwa. Anamwita mama. Kumchapa au kumfokea kwa hilo ni kumwonea.

Wengi huchukuliwa mapema mno, mara tu wanapoanza kulamba chakula sahanini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, uliotolewa mwaka 2017 na kuhusisha paka karibu 6,000, ulionyesha kuwa walioachishwa kunyonya kabla ya wiki 8 walielekea zaidi kuwa wakali. Watafiti walishauri mtoto akae na mama hadi wiki 14. Ukiweza kusubiri, subiri. Ukiweza kuchukua ndugu wawili, chukua wawili.

Kama ameshafika, omba alikotoka kipande cha nguo walichokuwa wakilalia yeye na nduguze, nawe usikifue, maana harufu ile ndiyo dawa. Funga chupa ya maji ya moto kwa kanga kuukuu, iweke pembeni mwa boksi ili aweze kuisogelea au kuikwepa. Maziwa ya ng'ombe usimpe; mara nyingi humharisha. Utamwona akikanda kanga kwa viganja, mkono huu, kisha huu, kama alivyokanda titi la mama.

Mzoeshe kuachwa polepole: mchezeshe, mlishe, toka dakika chache, rudi bila makeke, kesho ongeza kidogo. Kurudi kwa mlezi hutuliza wengi wao: mwaka 2019, mtafiti Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwaacha watoto wa paka peke yao chumbani kwa dakika 2, kisha mlezi akarudi. Takriban 64% walimsogelea mlezi, wakatulia, halafu wakaendelea kukichungua chumba. Lakini wako akigoma kula siku nzima, usisubiri azoee. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani watoto wa umri huo huishiwa nguvu upesi.