Cheti cha Tovuti ya Kikundi Kisiachwe Kikaisha

Siku hizi vikundi vingi vya akiba na mikopo vimeacha daftari. Vingine vimenunua kompyuta yao wenyewe, vikaiweka ofisini, na wanachama huingia kwa simu kuangalia hisa na madeni. Ni maendeleo. Lakini kila nikitembelea kikundi cha namna hiyo nauliza swali moja: anwani yenu inaanza na https?

Kama ni http bila ile s, basi neno la siri la mwanachama linasafiri wazi kama postikadi. Mwenye Wi-Fi ya hoteli anaweza kulisoma. Ile s yafanya mambo mawili: maneno yanafungwa yasisomeke njiani, na simu inahakikishiwa kwamba inaongea na kompyuta yenu, si ya tapeli. Hakikisho hilo ndilo cheti.

Mtu atasema, si tujitengenezee wenyewe? Yawezekana, lakini ni kama kujiandikia kitambulisho nyumbani halafu kumwonyesha askari. Simu itakikataa. Lazima kitolewe na shirika ambalo vivinjari vinaliamini. Hapo zamani ilikuwa gharama, lakini tangu Desemba 2015 Let's Encrypt, huduma ya shirika moja la Marekani lisilotafuta faida, inawapa watu wote bure.

Kwanza muwe na jina la tovuti linaloelekea kwenye kompyuta yenu. Kisha mnaweka programu kama Certbot, nayo inaomba cheti. Let's Encrypt inaipa neno la kuweka mahali fulani kwenye tovuti, halafu inakuja yenyewe kulitafuta kupitia mlango namba 80. Ikilikuta, imejua jina ni lenu, na cheti kinatoka. Wanachama wenyewe watapitia mlango namba 443. Kama kampuni ya intaneti haikuwapa anwani yenu peke yenu, neno hilo laweza kuwekwa kwenye rekodi za jina badala yake. Msijaribu ovyo ovyo: mkishindwa mara tano kwa saa moja mnazuiwa kwa muda. Na ule ufunguo wa siri unaotengenezwa pamoja na cheti haupelekwi kwa WhatsApp, hata kwa mwenyekiti.

Sasa tatizo lenyewe. Cheti hicho kwa kawaida kimekuwa cha siku 90 tu. Certbot hukifanya upya yenyewe zikibaki siku kama 30, lakini ni lazima njia iwe wazi. Kikundi kimoja ninachokijua, fundi aliona mlango namba 80 akaufunga, akidhani ni wa hatari. Hakuna aliyegundua. Cheti kikaisha wiki ya kugawa mikopo, na kila simu ikatoa onyo kubwa kwamba tovuti si salama. Mweka hazina, kwa kutotaka kelele, akawaambia watu, "Bonyeza tu, endelea."

Hilo ndilo lililonisikitisha kuliko cheti chenyewe. Mlango ulifunguliwa baada ya siku mbili, lakini akina mama wale walikuwa wamekwisha fundishwa kupuuza onyo. Siku tapeli atakapokuja na tovuti inayofanana, watabonyeza.

Kwa hiyo mwambieni fundi aandike amri hii mbele yenu: certbot renew --dry-run. Ni majaribio tu, haiharibu kitu. Ikishindwa leo, itashindwa na siku ile. Ahakikishe pia kwamba seva inasoma cheti kipya kikifika, kwani nyingine huendelea na kile cha zamani hadi ziamshwe. Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025, basi katibu aandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Huipata kwa kubonyeza alama iliyo kando ya anwani. Nayo kalenda itajaa: watoa vyeti na wenye vivinjari walikubaliana Aprili 2025 kwamba kuanzia Machi 2029 hakuna cheti kitakachozidi siku 47.