Ushirika Sokoni: Neno kwa Wachungaji wa Mjini

Mchungaji anayehudumu katikati ya Dar es Salaam hakawii kuulizwa na wachuuzi wa Kariakoo kama ni vema wajiunge na chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Wengine humwomba awe mwenyekiti. Kabla hatujajibu, yatupasa kuelewa jinsi chama hicho kinavyofanya kazi.

Mwanachama hulipa kiingilio, hununua hisa, kisha huweka akiba. Akiba hizo ndizo wanazokopeshwa wanachama wenyewe, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, ambaye benki humdai hati ya nyumba asiyo nayo, hudhaminiwa na wenzake wa meza za jirani wanaomjua. Riba anayolipa hubaki chamani, na ziada ya mwaka, ikishatengewa akiba ya lazima, huamuliwa na mkutano mkuu. Katika mkutano huo mwenye hisa mia ana kura moja, sawa na mwenye hisa kumi.

Huu si ushirika wa Matendo 2:44. Hapa kila mtu ana daftari lake, na tusihubiri kana kwamba ni jambo moja. Wala si shirika la umma. Soko la Kariakoo lenyewe, lililochorwa na Beda Amuli, liliwekwa chini ya shirika lililoundwa kwa sheria ya 1974. Wauzaji walikuwa wapangaji tu.

Umilikaji huu umewahi kuporomoka. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, hata kile cha Kilimanjaro kilichoanza 1933. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini kwa amri kutoka juu. Ile ya 1991 ndiyo iliyokazia uanachama wa hiari.

Hata hivyo, hakuna sheria iwezayo kumleta mwanachama mkutanoni. Mchuuzi akifunga meza amepoteza riziki ya siku. Basi wachache huamua, na bodi hukaa miaka bila kuulizwa hesabu. Mchungaji akiwa mwenyekiti, hali huwa ngumu zaidi: nani atamdai hesabu mtu anayempa Meza ya Bwana?

Ushauri wetu ni kwamba mchungaji aukatae uenyekiti na asitie sahihi hundi za chama. Ajiunge kwa hisa zake na kura yake moja, aombe mkutano upangwe Jumapili alasiri biashara ikiwa imetulia, naye aketi pamoja na wenzake hesabu zikisomwa.