Somo Liko Kwenye Simu, Mtihani Uko Bwawani

Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote katika bwawa la samaki. Sato hupanda juu, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakivuta pumzi kwa pupa. Mfugaji mgeni akiwaona hudhani wana njaa, akakimbilia gunia la chakula, na hapo ndipo anapowamaliza. Samaki hao wamekosa hewa. Mwani mdogomdogo ulioyapa maji rangi ya kijani ulitengeneza oksijeni mchana kutwa kwa nguvu ya jua, lakini jua lilipozama ukageuka kuwa mlaji, ukaivuta oksijeni hiyohiyo usiku kucha pamoja na samaki wenyewe na bakteria wanaoozesha uchafu wa chini. Kunapokaribia kucha akiba imekwisha. Chakula kinachomwagwa saa hiyo hakiliwi. Kinazama na kuoza, na kuoza kwake kunakula hata oksijeni kidogo iliyobaki. Dawa ni kuingiza maji mapya na kuwanyima chakula hadi jua lipande.

Video ya dakika kumi inatosha kumwelewesha mtu jambo hilo, nalo linaweza kumwokolea mtaji wa mwaka mzima. Hiyo ndiyo sababu ninaamini mafunzo ya ufugaji wa samaki kwa njia ya mtandao yana nafasi kubwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mahali ambapo chuo kiko mbali lakini simu iko mfukoni.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kilomita zipatazo 60 kutoka jiji la Mbarara. Imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi, na sokoni kwake Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Makazi yamechukua jina la ziwa lililo pembeni yake. Ziwa Nakivale ni dogo, lina kina kifupi, na maji yake yanatokana na mto Rwizi unaopita katikati ya Mbarara. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ziwa la namna hiyo haliwezi kuwalisha samaki watu wote wanaolizunguka. Udongo wa mashamba ya milimani unaingia ndani yake kila mvua inaponyesha, na kuongeza nyavu hakutaongeza samaki.

Kati ya waliokimbilia huko wamo wavuvi hasa. Mtu wa Uvira au Fizi amekua akivua ndagala na mikebuka wa Ziwa Tanganyika. Wa pande za Kivu anaijua sambaza, samaki aliyetolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwaka 1959. Watu hawa hawahitaji kufundishwa samaki ni nini. Wanajua kushona wavu, kukausha, kuhifadhi, kuuza, na kusoma upepo. Hata hivyo, kuvua na kufuga ni kazi mbili tofauti. Mvuvi humtafuta samaki ambaye ziwa limekwisha kumlea, lakini mfugaji ndiye anayebeba kazi ya ziwa: hewa, chakula, uzazi na uchafu, vyote viko mikononi mwake.

Chukua uzazi wa sato. Jike hutotoa mayai na kuwalinda watoto mdomoni mwake, na bwawani huanza kuzaa angali mdogo. Ukiweka madume na majike pamoja, baada ya miezi michache bwawa limejaa vidagaa visivyouzika, vyote vikigombania chakula kilekile. Ndiyo maana vituo vingi vya kuzalishia hulisha vifaranga homoni kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili karibu wote wawe madume. Anayenunua vifaranga kwa muuzaji wa barabarani bila kuuliza kama ni madume amekwisha kuharibikiwa kabla hajachimba bwawa. Kwa anayeanza, mimi ningependekeza kambale. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na alfajiri ile niliyoieleza humkuta mzima.

Kuna somo lingine ambalo simu hulifundisha vizuri kuliko mhadhara, nalo ni hesabu. Tuseme una bwawa la mita za mraba 200 na umeweka vifaranga 3 kwa kila mita, jumla 600. Unavua 30 kwa wavu, unawapima, unapata wastani wa gramu 50. Bwawani, kama hawajafa, mna kilo 30 za samaki. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, chakula cha siku ni gramu 900, ukigawa mara mbili. Wiki mbili baadaye unapima tena na kurekebisha, na kadiri wanavyokua asilimia hiyo inashushwa. Chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, kwa hiyo anayekadiria kwa macho anamwaga fedha majini. Video inaweza kusimamishwa na kurudiwa mara saba hadi hesabu ikae kichwani. Mwalimu wa darasa la watu 60 hawezi kurudia mara saba.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Masomo mengi yaliyomo mtandaoni yalirekodiwa kwenye joto la nyanda za chini. Yanaahidi sato wa kuuza ndani ya miezi sita. Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la hewa ni nyuzi 20 au 21. Sato hustawi kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula inapungua sana. Isitoshe, kwa kuwa hewa ya mwinuko ni nyepesi, maji ya Mbarara hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilelile. Somo si la uongo, ila liliandikiwa maji mengine. Kijana atakayekopa kwa hesabu ya miezi sita atafikiwa na siku ya kulipa huku samaki wake wakiwa na ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo kozi ya mtandaoni isiyomtuma mwanafunzi kwenye maji, mimi siihesabu kuwa mafunzo. Na vifaa vya kwenda navyo si ghali, na cha kwanza ni sahani ya kupimia uangavu wa maji. Mwaka 1865 Angelo Secchi, kasisi na mwanaastronomia wa Italia, aliteremsha sahani baharini kutoka meli ya Papa ili apime uangavu wa maji. Sahani ya sasa ina upana wa sentimita 20, imegawanywa robo nyeusi na robo nyeupe, na mtu anaweza kuikata kwenye plastiki ya dumu kuukuu, akaipaka rangi na kuifunga kamba yenye alama. Ikipotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, mwani unatosha. Ikipotea kabla ya 20, acha kutia mbolea. Ikionekana kupita 50, ongeza samadi, na katika nchi ya ng'ombe wa Ankole samadi haitafutwi mbali. Lakini Isingiro ina tahadhari yake: mvua ikishusha tope, sahani itapotea upesi ilhali mwani haupo. Tazama rangi kwanza. Kijani ni chakula. Kahawia ni udongo. Ongeza kipimajoto na daftari la kuandika kila asubuhi, na maabara yako imekamilika.

Vikwazo vipo. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti, na familia iliyopunguziwa mgao wa chakula haitanunua video. Dawa yake inajulikana: programu kama Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja ya kituo, na wanafunzi huifikia kwa simu zao bila intaneti kabisa. Chuo cha mtandaoni cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) nacho hutoa kozi bure, nyingine kwa Kifaransa, lugha ambayo Wakongo wengi walisomea. Kwa Kiswahili masomo ni machache mno.

Cheti ni suala zito zaidi. Chuo cha uvuvi kiko Entebbe na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki kiko Kajjansi, zaidi ya kilomita 250 kutoka Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, lakini mwajiri anataka kuona uwezo. Kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikipima ustadi wa watu wasiopitia chuo. Njia hiyo inafaa zaidi kuliko karatasi iliyochapishwa baada ya kubofya majibu: mwombaji asimame bwawani, apime, avue sampuli, apige hesabu ya chakula mbele ya mtahini.

Nawaomba wafugaji wa Mbarara na Isingiro wenye mabwawa yanayozalisha: chukueni simu zenu mrekodi kwa Kiswahili na Kinyankole. Rekodini alfajiri samaki wanapotweta, siku ya kupima, siku ya kuvuna, na msifiche hasara. Tajeni joto la maji na miezi iliyopita. Kisha wekeni video hizo kwenye kadi za kumbukumbu na kuzifikisha Nakivale, kwa sababu hakuna mwalimu wa Bangkok anayeyajua maji ya Rwizi kama ninyi.